Wiki sita na ushee za Speke pale Bweranyange

Vijana wa mjini siku hizi wana homa ya safari fupi za masomo. Mtu anakwenda zake Bogotá, kule Kolombia, wiki sita. Asubuhi darasa la Kihispania, mchana Makumbusho ya Dhahabu, Jumapili anaendesha baiskeli katikati ya barabara kubwa kwa sababu siku hiyo magari yanazuiwa. Siku za mwanzo anahema kidogo, maana mji uko juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Anakula, anacheza salsa, anapiga picha. Akirudi Dar ana hadithi za mwaka mzima.

Sina ugomvi na safari hizo hata kidogo. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, yamejengwa kwa mfano ambao dunia iliujua zaidi kutoka TransMilenio ya Bogotá, iliyoanza Desemba 2000. Kwenda kuchungulia mwenzako anafanyaje ni jambo la akili. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, wazee walishasema.

Swali langu ni jingine. Wiki sita zinatosha kujifunza kuagiza chakula na kupanda basi bila kupotea. Je, zinakupa haki ya kurudi na kutangaza kwamba watu wale ni hivi, na asili yao ni hii? Nani atakusahihisha ukikosea, wakati wenyeji wako hawatasoma ulichoandika?

Unaweza kusema ninakuza mambo. Basi twende Kagera, tukatazame safari moja ya aina hiyo iliyofanyika humu humu nchini mwetu, miaka zaidi ya 160 iliyopita. Mgeni alikaa wiki sita na ushee. Alichoondoka nacho kichwani kilikuja kuwagharimu watu wengi.

Mahali penyewe ni Karagwe. Leo eneo hilo ni wilaya mbili, maana mwaka 2012 Karagwe iligawanywa ikazaliwa Kyerwa. Zamani lilikuwa chini ya ufalme mmoja, ufalme wa Wanyambo, na ikulu yake ilikuwa Bweranyange, kwenye milima inayotazama maziwa madogo na malisho ya ng'ombe. Usifikiri palikuwa porini pasipojulikana na mtu. Misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka Tabora ilikuwa na kituo chake Kafuro, si mbali na ikulu. Walinunua pembe za ndovu, wakauza nguo na shanga, na waliokuwa wakienda Buganda walipita hapo hapo. Mfalme, yaani Omukama, alikuwa Rumanyika mwana wa Ndagara, aliyekuwa amekikalia kiti baada ya kupambana na ndugu yake.

Mwishoni mwa Novemba 1861 wakafika wageni wawili: John Hanning Speke na James Augustus Grant, wanajeshi wa jeshi la Waingereza kule India. Walikuwa wametoka pwani mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo. Speke alikuwa ameliona lile ziwa kubwa akiwa upande wa Mwanza mwaka 1858, akaapa kwamba ndilo chanzo cha mto Nile. Wenzake London hawakumwamini. Safari hii alikuja kuthibitisha.

Njiani walikuwa wametozwa hongo na kila mtemi, wakaugua, wakaibiwa, wakaachwa na wapagazi. Walipoingia Karagwe mambo yakabadilika. Hawakutozwa kitu. Amri ilikuwa imetolewa kwamba wageni wapewe chakula kwa gharama ya mfalme.

Sasa sikiliza, kuna jambo hapa linanifurahisha sana. Speke mwenyewe ameandika kwamba Rumanyika aliwapokea kwa maamkizi ya Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, akawapa mkono. Kiswahili, Bweranyange, mwaka 1861! Kabla ya Mjerumani, kabla ya shule, kabla ya redio. Wale wanaodhani lugha hii ilipelekwa bara na serikali ya kikoloni wana kazi ya kusoma upya.

Jambo la pili halifurahishi. Siku hiyo hiyo, kwa kuwatazama tu mfalme na nduguye, Speke aliamua kwamba hawa si watu wa kawaida wa nchi hizi. Aliangalia nyuso, macho na pua, akasema moyoni: hii ni damu ya Abyssinia, yaani Ethiopia. Hakuwa ameuliza mtu. Wala hakujua Kinyambo. Alikuwa hata hajapewa pa kulala. Jibu lilikuwa limeshapatikana, zikabaki wiki sita za kulitafutia ushahidi.

Tazama mwenyeji naye alikuwa anafanya nini. Rumanyika alikuwa anauliza maswali. Kitabu cha Speke kimejaa maswali yake. Je, jua tunaloliona leo ndilo lile la jana, au kila siku linakuja jipya? Kwa nini mwezi unabadilisha uso wake? Wageni hawa wanajuaje njia duniani kote, wakati maji ni mengi namna hii? Wameionaje Karagwe, milima yake na ziwa lake? Speke anayasimulia kama kichekesho kidogo. Mimi nikiyasoma naona mwanafunzi bora katika baraza lile ni mfalme.

Mgeni yeye alikuwa na utepe wa kupimia. Katika ikulu ya Karagwe wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa mpaka wanenepe sana, kwa kuwa unene ulikuwa alama ya urembo na utajiri. Speke alimwendea shemeji yake mfalme, akambembeleza mpaka akakubali kupimwa. Mkono, sm 58 kuzunguka. Kifua, sm 132. Paja, ndama ya mguu, urefu. Vipimo vyote vikaingia kitabuni, ili kila mwenye pesa ya kununua kitabu Uingereza avisome. Mama huyo vipimo vyake tunavijua vyote. Alichofikiri kuhusu mzungu aliyekuja na utepe, hakuna aliyekiandika.

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini cha habari yangu. Katika mazungumzo yao, Speke alimweleza mfalme nadharia yake. Kwamba wao, wale aliowaita Wahuma, ametokea kuwapenda, na anaamini wametokana na Waabyssinia, Wakristo wa zamani, marafiki wa Malkia wa Uingereza. Na kwa kuwa anawapenda, kama mfalme atampa mtoto mmoja au wawili, atawapeleka Uingereza wakasome.

Rumanyika akafurahi. Akasema angependa wanawe wawili waende, wakamletee ujuzi wa kila kitu.

Soma tena sentensi hiyo taratibu. Karagwe, mwaka 1861, mfalme anakubali ufadhili wa masomo ng'ambo. Na ana lengo: watoto waende, waone, warudi na elimu nyumbani. Mazungumzo yale yale yalizaa vitu viwili, nadharia na ahadi. Nadharia ilikuwa ya mgeni kuhusu mwenyeji. Ahadi ilikuwa ya mwenyeji kwenda naye kumtazama mgeni kwake.

Unajua kipi kilisafiri na kipi kilibaki.

Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda. Grant alibaki mpaka Aprili, akiwa amelazwa na kidonda kibaya cha mguu. Huyu naye alikaa karibu miezi mitano akilishwa na kuuguzwa na watu wa Karagwe, akachora picha, akakusanya mimea. Speke akafika mahali Nile inapotokea ziwani, Jinja ya leo, tarehe 28 Julai 1862, akateremka na mto mpaka Misri, na mwaka 1863 akawa nyumbani. Hakuna mtoto wa Rumanyika aliyekuwa naye. Septemba 1864 akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye mawindo huko Uingereza. Habari ya ufadhili ikaishia hapo.

Kitabu kilikuwa kimeshatoka, mwaka 1863. Sura ya tisa ni historia ya Wahuma, na ndani yake kuna nadharia kwamba watu bora waliwashinda na kuwatawala watu duni. Kwa maneno yetu: falme zote hizi za maziwa makuu, Karagwe, Buganda, Bunyoro, hazikujengwa na wenyeji, zilijengwa na wafugaji waliotoka Ethiopia. Mwenyewe alikiri kwamba nadharia hiyo imetoka kwenye masimulizi ya wenyeji aliyoyapima kwa macho yake alipokuwa akipita. Akipita!

Nisieleweke vibaya. Speke hakubuni tofauti zilizokuwepo. Karagwe ilikuwa na Wahinda waliotawala, Wahima waliofuga na Wairu waliolima, na haikuwa nchi ya usawa. Mwenye ng'ombe alikuwa juu ya mwenye jembe, na mkulima alijua hivyo kila siku ya maisha yake. Ila wote walisema Kinyambo. Na masimulizi ya wazee kuhusu asili ya watawala yapo: yanamtaja Ruhinda aliyekuja kutoka upande wa Kitara, katika Uganda ya leo, na yanamtaja Nono wa ukoo wa Basita aliyekuwapo kabla yake. Kitara ni jirani. Msafara wa ng'ombe unafika. Speke alichofanya ni kuivuta safari hiyo fupi mpaka Ethiopia, na kuigeuza tofauti ya kazi, mali na utawala ikawa tofauti ya damu. Neno moja ndilo aliloongeza: wageni.

Kwa nini Ulaya ililipokea neno hilo kwa mikono miwili? Kwa sababu lilitatua kitendawili chao. Walikuwa wameshaamini kwamba Mwafrika hawezi kujenga dola. Sasa hizi dola zenye wafalme, mabaraza na kodi zimetoka wapi? Jibu: zimeletwa. Wamisionari wakalifundisha, maofisa wa Kijerumani wakalitumia, wasomi wakalipamba na kuliita nadharia ya Kihamiti. Hakuna aliyeuliza mtu wa kwanza alikaa Karagwe siku ngapi.

Rwanda na Burundi ndizo zilizolipa zaidi. Wabelgiji walipochukua nchi hizo kutoka kwa Wajerumani, walitawala kwa kuamini kwamba Watutsi ni uzao bora uliotoka mbali. Wakawapendelea katika shule na vyeo. Miaka ya 1930 Rwanda ikapewa vitambulisho vinavyomwandika mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akarithi neno hilo kama anavyorithi jina la baba. Kitu ambacho mtu angeweza kukivuka kwa mali au kwa ndoa kikapigwa muhuri.

Nadharia ya namna hii ni kisu chenye makali pande mbili. Leo inakusifu kwamba ulitoka mbali, kesho inakuambia urudi huko. Mapinduzi ya Rwanda ya 1959 yalipoanza kuwafukuza Watutsi, baadhi yao walikimbilia Tanganyika, Karagwe ikiwamo. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mbele ya mkutano wa chama chake huko Kabaya, akazungumzia kuwarudisha Watutsi kwao Ethiopia, kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha kwa hotuba hiyo.

Ethiopia. Kwa mto. Unaona neno lilikofika?

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana, akitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, iliangushwa Kigali. Kwa siku mia moja hivi mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa. Miili mingi ilitupwa mitoni.

Sasa chukua ramani. Maji ya Nyabarongo yanaingia mto Kagera. Kagera ndio mpaka wetu na Rwanda, ukipita kando ya Karagwe na Kyerwa. Kaskazini mwa Kyerwa unapinda kwenda mashariki, unakuwa mpaka na Uganda, kisha unakwenda kumwaga Ziwa Victoria. Miili ya 1994 ilipita njia hiyo. Ilipita pembeni ya nchi ile ile ambako, miaka 132 na ushee kabla, mtu mmoja alitazama pua za wenyeji wake akaona Ethiopia. Waganda waliizika kwa maelfu kandokando ya ziwa, na watu wakaogopa kula samaki. Wiki hizo hizo Wanyarwanda wengine walikuwa wanakimbia vita: mwishoni mwa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja, na Karagwe nayo ikapata kambi zake.

Je, Speke ndiye aliyeua? Hapana, na nisingependa mtu aondoke na wazo hilo. Waliopanga na kuua mwaka 1994 wana majina, na wengi wao walihukumiwa Arusha, Kigali na kwingineko. Kati ya kitabu cha 1863 na mapanga ya 1994 kuna watawala, maaskofu, walimu, wanasiasa na watangazaji wa redio, na kila mmoja angeweza kuukata mnyororo. Ninachosema ni kwamba pete ya kwanza ya mnyororo ilifuliwa na mtu aliyekuwa anapita, na hapakuwa na mtu wa upande wa pili aliyepewa nafasi ya kumjibu.

Jibu lilikuja, lakini lilichelewa. Mwaka 1975 mwanahistoria wetu Israel Katoke alichapisha Nairobi kitabu kizima kuhusu ufalme wa Karagwe na historia ya Wanyambo, tangu karne ya 15 hivi mpaka 1915. Alitumia masimulizi ya wazee na maandishi ya wasafiri, akavilinganisha. Hesabu: kutoka kitabu cha Speke mpaka hicho ni miaka 112. Baadaye wanahistoria kama Jan Vansina, waliokaa na lugha, masimulizi na akiolojia ya maziwa makuu kwa miaka mingi, waliikataa habari ya wafugaji wavamizi kutoka Ethiopia. Ila kitabu cha msomi kinauza nakala chache. Hadithi ya pua ndefu bado unaisikia kwenye daladala.

Sasa turudi kwa kijana wangu wa Bogotá. Asiende? Aende! Tatizo la Speke halikuwa ufupi wa muda peke yake. Angekaa miaka mitatu na lile jibu la siku ya kwanza, angerudi na jibu lile lile. Mtu anaweza kukaa siku chache akafanya kitu cha maana kama amekuja na swali linaloweza kujibiwa, na kama mwenyeji naye ana sauti katika jibu.

Mfano upo Karagwe kwenyewe, na wa kuvutia ni kwamba mizizi yake imefika mpaka Amerika Kusini. Wenyeji wa zamani wa Amazon walitengeneza udongo mweusi wenye rutuba kwa kuchanganya mkaa, mabaki ya chakula na kinyesi. Miaka ya 2010 shirika la wakulima la MAVUNO la Karagwe na watafiti kutoka Berlin walijaribu wazo hilo: vyoo vikavu, mkaa, mboji, kisha mashamba ya majaribio ya mahindi, maharage, kabichi na vitunguu katika udongo wenye tindikali wa huko. Wageni walikuja na kuondoka, wengine kwa miezi michache tu. Lakini walikuwa wanapima udongo pamoja na mwenye shamba, na mwenye shamba angeweza kuwaambia, "Hili halifai." Mahindi hayajali nadharia yako. Yanaota au hayaoti.

Hivyo ukienda Bogotá, andika ulichokiona mtaa ule, siku ile, na jina la mtaa. Usiandike "Wakolombia wako hivi". Mwonyeshe mwenyeji wako ulichoandika kabla hujakitangaza, hata kama ni aya mbili. Na kabla hujapanda ndege kurudi, jiulize swali la Rumanyika: wa kwao atakuja lini kwetu, na nani atamlipia nauli?

Mimi huwa nawafikiria wale wana wawili wa mfalme. Kama wangefika London mwaka 1863 wangekuta treni ya chini ya ardhi ndiyo kwanza imefunguliwa, Januari mwaka huo. Wangekuta mto Thames ambao miaka mitano kabla ulikuwa umenuka kinyesi mpaka wabunge wakashindwa kukaa. Wangekuta watoto wa umri wao wanafanya kazi viwandani na mabibi waliobanwa viuno kwa kamba mpaka wanazimia, eti ni urembo. Labda nao wangeomba utepe wapime. Kisha wangerudi Bweranyange, wakae barazani jioni, baba yao aulize maswali yake, nao wamweleze Waingereza ni watu wa namna gani na kwa pua zile wametokea wapi.

Kitabu hicho hakikuandikwa. Cha Speke bado kinachapishwa.